Kaunta nane, mstari mmoja

Alhamisi jioni programu ilimaliza hesabu kwa sekunde 19. Ijumaa asubuhi, kabla watu hawajaanza kutoka kwenda msikitini, seva ileile ilipewa data ileile ikachukua sekunde 41. Baina ya nyakati hizo mbili kilichobadilika ni kitu kimoja kidogo: kichwa cha ripoti, kilichokuwa kimeandikwa ndani ya programu, kilihamishiwa mahali pake penyewe juu ya faili. Hesabu haikuguswa hata herufi moja.

Kisa hiki nakiandika kwa urefu kwa sababu kila tulipodhani tumemshika mwizi, tulikuwa tumemshika mpita njia. Mwizi mwenyewe alikuwa wa nyumbani, na niliyemfungulia mlango ni mimi.

Ofisi yetu iko ghorofani, hatua chache kutoka Mwembe Tayari, Mombasa. Mteja ni mzee mmoja mwenye malori 250 yanayobeba makontena kutoka bandari ya Kilindini kwenda bara. Sote twamwita Ami. Kila lori lina kifaa kinachotuma mahali lilipo kila baada ya sekunde 10. Ukipiga hesabu, lori moja hutoa nukta 8,640 kwa siku, malori yote hutoa 2,160,000, na kwa mwaka zinakaribia milioni 790. Ami alitaka kujua jambo moja tu: kwa mwaka mzima malori yake yamekaa muda gani yakiwa yamesimama kati ya lango la bandari na Mariakani. Foleni ya Changamwe anaijua kwa macho. Alitaka aijue kwa saa, aiweke mezani mbele ya wenye mizigo.

Kila nukta tuliibana katika baiti 16: namba ya lori baiti nne, latitudo nne, longitudo nne, wakati nne. Mwaka mzima ni gigabaiti 12.6 hivi. Seva ina kumbukumbu ya gigabaiti 32, kwa hiyo data yote huingizwa kwanza, kisha hesabu ndiyo huanza. Nyakati zote ninazozitaja hapa ni za hesabu peke yake. Kusoma diski hakumo. Prosesa ina viini vinane, yaani sehemu nane zinazoweza kupiga hesabu kwa wakati mmoja.

Uzi mmoja, yaani njia moja ya utekelezaji ndani ya programu, ukiachiwa kazi yote ulimaliza kwa sekunde 27. Kwa Ami, sekunde 27 za skrini iliyonyamaza ni nyingi. "Mwanangu, nikibonyeza ikakaa kimya, mimi ntajuaje kama yafanya kazi au imelala?" Tukaamua mambo mawili kwa mpigo: kazi igawiwe nyuzi nane, kila kiini na uzi wake, na kwenye skrini uwepo ufito wa kijani unaojaa kadiri kazi inavyokwenda.

Ufito aliuandika binti aliyekuwa kwetu kwa mafunzo ya kazi, na aliuandika kwa akili. Hakutaka kaunta moja inayogombaniwa na nyuzi zote, kwa hiyo kila uzi aliupa yake. Uzi ukimaliza nukta moja, unaongeza moja kwenye kaunta yake. Uzi wa tisa, ule wa kuchora skrini, unazisoma zote nane mara kumi kwa sekunde na kuzijumlisha. Kwa kuwa uzi mmoja unaandika na mwingine unasoma, kaunta alizifanya za atomiki, yaani kusoma namba, kuiongeza na kuiandika ni hatua moja isiyokatizwa, ndivyo kanuni za C++, lugha tuliyoiandikia programu, zinavyotaka:

std::atomic<uint64_t> hatua[8];

na ndani ya kitanzi:

hatua[i].fetch_add(1);

Hakuna kufuli, yaani kizuizi cha kuufanya uzi mmoja ungoje mwingine umalize. Hakuna uzi unaogusa kaunta ya mwenzake. Niliipitia mimi mwenyewe, nikaona safi, nikaipitisha.

Kosa la kwanza tulilifanya Alhamisi hiyohiyo, nalo halikuwa la programu. Tuliona 19, tukaona ni chini ya 27, tukafurahi, tukaagiza viazi karai. Hakuna aliyeuliza swali la mtoto wa darasa la nne: 27 ukigawa kwa nane unapata ngapi? Ni sekunde tatu na nusu hivi. Watu wanane waliopewa kazi ya mtu mmoja wakaimaliza kwa theluthi mbili ya muda wake si wa kupongezwa. Lau 41 isingetokea kesho yake, ile 19 ingekuwa inaendelea hadi leo na tungekuwa tunajisifu nayo.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa joto. Na nani angebisha? Ulikuwa mwezi wa pili, kiyoyozi kilikuwa kimekufa tangu Jumatatu, na Ijumaa saa tano chumba cha seva kilikuwa kama jiko la mkate wa mofa. Alhamisi jioni upepo wa baharini ulikuwa unaingia dirishani. Prosesa ikipata moto kupita kiasi hupunguza mwendo ili isiungue. Hilo ni kweli, si hadithi. Tukaleta feni mbili, nikaufunga mwendo wa prosesa kwenye gigahezi 3.5 usipande wala usishuke, nikatazama kipimajoto. Hakikukaribia kikomo. Programu ikaenda: 41.

Mshukiwa wa pili, njia ya kwenda kwenye kumbukumbu kuu. Huenda viini vinane vikivuta data kwa pamoja vinaziba njia. Hili nililipima kwa kuondoa kila kitu nikaacha kusoma tu: kila uzi upite kwenye fungu lake la nukta na kujumlisha namba zake. Gigabaiti zote 12.6 zikapitiwa chini ya sekunde mbili. Njia ilikuwa wazi.

Kufuli halikuwapo, kwa hiyo mshukiwa wa tatu tulimwacha bila kumhoji.

Programu ya kutazama mzigo ilionyesha viini vyote vinane viko asilimia 100. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na mimi nilikaribia. Kiini kilicho asilimia 100 machoni pa mfumo ni kiini ambacho hakijarudisha zamu. Kama kinatekeleza amri au kimesimama kinangoja data ifike, mfumo haujui na wala hauulizi. Mtu anaweza kusimama Likoni saa nzima akingoja feri, na nyumbani kwake wakajibu "yuko safarini."

Nikapima idadi ya amri zinazotekelezwa kwa kila pigo la saa ya prosesa. Kwa uzi mmoja ilikuwa 1.6. Kwa nyuzi nane, kila kiini kilishuka hadi 0.13. Yaani viini havikuwa vinafanya kazi polepole. Vilikuwa vimesimama karibu muda wote. Nikapima pia ngazi kwa ngazi: nyuzi mbili sekunde 30, nne sekunde 36, nane 41. Kila ukiongeza mfanyakazi, kazi inachelewa.

Aliyetuonyesha njia ni yule binti, kwa jaribio ambalo mimi ningelikataa kama angeniuliza kwanza. "Kaka, nimeziondoa kaunta zote nane nimeweka moja. Nilitaka nione ubaya wenyewe ukoje." Kaunta moja inayogombaniwa na nyuzi nane ni kitu ambacho kila kitabu kinakukataza. Ilichukua sekunde 43.

Tukatazamana. Kaunta moja ya wote, 43. Kaunta nane, kila uzi na yake, 41. Basi kwa mashine vitu hivyo viwili ni kitu kimoja. Programu inaona kaunta nane. Mashine inaona moja. Nani kaziunganisha?

Kaziunganisha kache, na hapa lazima nirudi nyuma kidogo.

Kiini cha gigahezi 3.5 hupiga mapigo matatu na nusu katika kila nanosekunde. Kumbukumbu kuu, zile kadi unazozichomeka ubaoni, hujibu baada ya nanosekunde 80 hadi 100 hivi. Maana yake kila kiini kikiomba kitu kutoka huko kinangoja mapigo kama 300, na katika mapigo hayo kingeweza kutekeleza amri mamia. Dawa ni ya zamani. Mwaka 1965 Maurice Wilkes wa Cambridge aliandika juu ya kuweka kumbukumbu ndogo ya kasi mbele ya ile kubwa ya polepole, na mwaka 1968 IBM ikatangaza System/360 Model 85, mashine ya kwanza ya biashara kuwa na kitu hicho. Leo kila kiini kina kache yake ya ngazi ya kwanza, kwa kawaida kilobaiti 32 au 48 za data, inayojibu kwa mapigo manne au matano. Nyuma yake iko ya ngazi ya pili, kubwa zaidi, inayojibu kwa mapigo kumi na kitu. Nyuma ya hiyo, katika prosesa nyingi, iko ya ngazi ya tatu inayotumiwa na viini vyote, megabaiti kadhaa au makumi, nayo huchukua mapigo makumi kadhaa.

Jambo ambalo waandishi wa programu hulisikia chuoni na kulisahau kazini ni kwamba kache haichukui kitu ulichokiomba peke yake. Huchukua mstari mzima. Katika prosesa za aina iliyo kwenye seva yetu, mstari ni baiti 64. Ukiomba baiti moja, unaletewa 64, zile zinazoanzia kwenye anwani inayogawanyika kwa 64 na kukizunguka ulichoomba. Ni kama kuagiza papai moja Kongowea ukaletewa tenga.

Kwa data ya malori, hiyo ilikuwa neema. Nukta moja ni baiti 16, kwa hiyo mstari mmoja hubeba nukta nne. Kiini kikiomba ya kwanza, tatu zinazofuata zimeshafika. Na kwa kuwa tunazisoma kwa mfuatano, prosesa hugundua mwendo huo na kuanza kuvuta mistari ya mbele kabla haijaombwa. Ndiyo maana jaribio la kusoma tu lilikwisha chini ya sekunde mbili.

Sasa rudi kwenye kaunta. Kaunta moja ni baiti nane. Kaunta nane zilizopangwa bega kwa bega ni baiti 64. Mstari mmoja kamili.

Enzi za prosesa ya kiini kimoja hilo lisingemdhuru mtu. Lakini IBM ilitoa POWER4 yenye viini viwili katika kipande kimoja mwaka 2001, na mwaka 2005 Intel na AMD wakaziingiza prosesa za viini viwili kwenye kompyuta za kawaida. Tangu hapo swali si la nadharia tena: viini viwili vikiwa na nakala za mstari mmoja, kila kimoja ndani ya kache yake, na kimoja kikabadilisha nakala yake, mwenzake atajuaje kwamba aliyonayo imepitwa?

Jibu linalotumika, kwa sura moja au nyingine, ni utaratibu uitwao MESI, uliochapishwa mwaka 1984 na Mark Papamarcos na Janak Patel wa Chuo Kikuu cha Illinois. Herufi zake nne ni za mwanzo za majina ya Kiingereza ya hali nne za mstari. Binti nilimweleza hivi, tukiwa tumesimama kwa muuza kahawa, yeye na kashata yake mkononi.

Chukua makarani wanane wa kuhesabu makontena, kila mmoja na meza yake. Wanatumia daftari kubwa lililo ghalani, lakini ghala liko mbali, kwa hiyo kila mmoja huchukua nakala ya ukurasa anaouhitaji akauweka mezani. Wakiwa wanasoma tu, hakuna neno: ukurasa mmoja waweza kuwa na nakala kwenye meza zote nane. Hiyo ni hali ya kushirikiana. Karani akiwa ndiye peke yake mwenye nakala, na bado hajaandika kitu, hiyo ni hali ya upweke. Akitaka kuandika wakati wenzake wana nakala, sheria ni kali: lazima kwanza apaze sauti, wenzake wote wachane nakala zao, abaki nayo yeye. Nakala zilizochanwa ziko katika hali ya batili. Ukurasa wake, ukishaandikwa kitu ambacho daftari la ghalani bado halina, uko katika hali ya kubadilishwa. Na karani mwingine akiutaka, hauendi kuchukuliwa ghalani, maana wa ghalani umeshapitwa na wakati. Unatolewa kwenye meza ya aliyeandika.

"Sasa," nikamwambia, "ukurasa mmoja una safu nane. Kila karani anaandika kwenye safu yake tu, hamgusi mwenzake. Lakini sheria inahusu nini?"

"Ukurasa," akasema. Kisha akanyamaza kidogo. "Si safu."

Basi ndiyo hiyo. Kiini cha kwanza kinataka kuongeza moja kwenye kaunta yake. Kinapaza sauti, viini saba vinabatilisha nakala zao, kinaandika. Hakijapumua, cha pili kinataka kuongeza moja kwenye kaunta yake, ambayo ni nyingine kabisa, lakini iko kwenye mstari uleule. Mstari unatoka kache hii unakwenda ile. Halafu cha tatu. Halafu cha kwanza tena. Kuongeza kwa atomiki kunazidisha makali, kwa sababu kiini lazima kiumiliki mstari peke yake tangu kinaposoma namba ya zamani hadi kinapoandika mpya. Mara milioni 790, mstari uleule unavushwa kutoka kiini hadi kiini kama feri inayovuka kivuko na abiria mmoja, inageuza, inarudi kumchukua mwingine mmoja. Gawa sekunde 41 kwa milioni 790: unapata nanosekunde 52 hivi kwa kila nyongeza, na hiyo ndiyo nauli ya kivuko.

Wahandisi huliita jambo hili kushirikiana kwa uongo. Uongo kwa sababu nyuzi hazishirikiani chochote. Zinashirikishwa na jirani aliyewekwa karibu.

Nadharia nzuri inaweza kuwa bado si kweli, na nilishaaibika na joto. Linux ina chombo cha kazi hii hasa, perf c2c, kilichoingia kwenye mfumo mwaka 2017. Hukusanya mifano ya maombi ambayo kiini kiliomba mstari ukakutwa kwenye kache ya kiini kingine, tena ukiwa katika hali ya kubadilishwa. Tulikiendesha huku programu ikiwa kazini. Karibu maombi yote ya namna hiyo yaliangukia mstari mmoja tu katika gigabaiti zote zile. Na ndani ya mstari huo, maeneo yaliyoguswa yalikuwa 0, 8, 10, 18, 20, 28, 30 na 38, kwa hesabu ya kumi na sita. Ukizigeuza kuwa namba za kawaida ni 0, 8, 16, 24, 32, 40, 48 na 56: kaunta zetu nane, kila moja kwenye kiti chake.

Bado lilibaki deni la Alhamisi. Kama ubaya ndio huo, 19 ilitoka wapi? Tukayafufua matoleo yote mawili ya programu na kuyaamuru yachapishe anwani ya safu ya kaunta. Toleo la Ijumaa: anwani iliishia na 40, ambayo kwa hesabu ya kumi na sita ni 64, kwa hiyo inagawanyika kwa 64 bila baki. Kaunta zote nane ndani ya mstari mmoja. Toleo la Alhamisi: iliishia na 20, ambayo kwa hesabu hiyo ni 32, yaani safu ilianzia katikati ya mstari. Kaunta nne zikaangukia mstari mmoja, nne mstari wa pili. Feri zikawa mbili, kila moja na abiria wanne, na nyuzi nne zilizogombania mstari zilikuwa zinachukua sekunde 36 kwa kazi yote. Kila kundi lilipofanya nusu ya kazi, likamaliza kwa nusu ya muda huo na ziada kidogo. Kompaila yetu, chombo kinachogeuza tulichoandika kuwa amri za mashine, iliipanga safu ile kwenye anwani inayogawanyika kwa 32, si 64, kwa hiyo kuwa mzima au kuwa nusu ilikuwa bahati nasibu. Kichwa cha ripoti tulichokihamisha kilisukuma safu baiti 32 mbele. Hicho tu. Siku nzima tulikuwa tunalaumu jua.

Hapa niseme langu. Kati ya yote yaliyotupata, hili ndilo lililonitia hofu kuliko yote. Programu inayokwenda polepole utaitafuta. Programu ambayo mwendo wake unategemea urefu wa maneno yaliyoandikwa mahali pengine kabisa itakufanya ulaumu mashine, joto, umeme, hata mtu. Nimeona wenzangu wakibadilisha seva kwa sababu ya vitu vya namna hii, na nina hakika baadhi ya seva hizo hazikuwa na kosa lolote.

Dawa zilikuwa mbili, nasi tulizijaribu moja baada ya nyingine ili tujue kila moja imeleta nini.

Ya kwanza ni kumpa kila karani ukurasa wake. Kila kaunta iliwekwa ndani ya muundo wake ulioandikiwa alignas(64), ili ianzie mwanzo wa mstari na kuujaza wote, baiti nane za kazi na baiti 56 tupu. Safu ikakua kutoka baiti 64 hadi 512. Nyuzi nane zikamaliza kwa sekunde 3.9. Kutoka 41 hadi 3.9 kwa kuongeza nafasi tupu. Binti alicheka kwa sauti mpaka wa chumba cha pili wakaja kuangalia.

Ya pili ndiyo ningeipendekeza kwanza kama ningeanza upya. Uzi hauna haja ya kutangaza kila nukta. Uhesabu kwenye kaunta yake ya ndani, ile ambayo kompaila huiweka kwenye rejista, kihifadhi kidogo ndani ya kiini chenyewe, na haiendi hata kwenye kache, kisha kila zikitimia nukta 4,096 uongeze zote kwa mpigo kwenye kaunta ya pamoja. Matangazo yanashuka kutoka milioni 790 hadi chini ya laki mbili. Nauli ileile ya nanosekunde 52, ukiizidisha kwa laki mbili, ni kama sehemu moja ya mia ya sekunde tu. Hata ukiziacha kaunta kwenye mstari mmoja, hutaona tofauti. Tulipoweka dawa zote mbili muda ukashuka tena kidogo, kwa sababu kuongeza kwa atomiki kuna gharama yake hata pasipo wa kugombania naye. Na ufito? Kila uzi una nukta karibu milioni 99. Jicho gani litaona kwamba unaruka nukta 4,096 kwa wakati?

Kutenganisha kaunta kunaponya dalili, na wakati mwingine ndiyo njia pekee. Lakini mtu akianza kutia baiti tupu kila mahali kwa hofu, anaijaza kache yenyewe hewa, na kilobaiti 32 si ghala. Mimi huuliza kwanza: uzi huu una sababu gani ya kuandika mahali pa pamoja mara nyingi hivi? Mara nyingi sababu hakuna.

Liko moja zaidi, nalo lilijitokeza wiki ya pili. Binti alikuwa na laptopu ya Apple yenye prosesa ya M1, akaleta swali: "Kaka, nimeuliza mfumo ukubwa wa mstari, umenijibu 128. Hizi 64 zetu zitatosha?" Hazitoshi. Kwenye mstari wa baiti 128, kaunta zilizoachana kwa 64 zinakaa mbilimbili. Hata kwa seva za aina ya yetu, zipo prosesa za Intel zinazovuta mistari miwili jirani kwa pamoja, kwa hiyo wapo wanaotenga 128 huko pia. C++ tangu toleo la 2017 ina jina la kawaida la kipimo hiki, lakini kompaila hukikadiria wakati wa kujenga programu, wala haijui itakwenda kuendeshwa kwenye mashine gani. Tukaandika 128, tukaweka na maelezo ya mistari mitatu juu yake, maana najua atakuja mtu mwaka ujao aone baiti 120 tupu aseme ni uvivu, azifute.

Ami tulimwonyesha Jumatano. Akabonyeza, ufito ukajaa, ripoti ikatoka: saa za foleni, lori kwa lori, mwezi kwa mwezi. Akaitazama skrini, kisha akanitazama mimi.

"Mbona yaenda mbio hivi? Ule ufito hata sijauona."

Akabonyeza tena, safari hii ameinamia karibu na kioo.